Siku Mheshimiwa Alipoosha Unga

Mdogo wangu anayenifuata kwa kuzaliwa, jina lake watu wamelisahau. Wote wanamwita Chekeche, na hata kwenye daftari la zahanati wameandika hivyo hivyo. Jina alilipata jikoni hospitalini, alikopika miaka kumi na tisa, kwa sababu vidole vyake havipitishi uchafu. Mpe unga mweupe, mfunge macho, ausugue kidogo tu. Atakuambia ni wa nini, umesagwa lini, na kwamba aliyeusaga asubuhi hiyo aligombana na mkewe. Hilo la mwisho nimeongeza mimi, lakini mara mbili lilikuwa kweli.

Kisha jiko la hospitali likapewa shemeji wa Diwani wa kata yetu. Wapishi kumi na mmoja waliambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu wasirudi. Walipewa mkono wa asante, wakavuliwa aproni mlangoni kama wezi. Chekeche alifika kwangu ameshika mwiko mrefu kumzidi.

"Huo si mali ya hospitali?" nikamuuliza.

"Ulikuwa."

Hakulia. Watu wengine hasira huwatoka kama mvuke, ikaisha. Yake hukaa chini kabisa ya sufuria, na moto hauzimi.

Alihamia vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, ambako cheche huruka mpaka dirishani na pazia lina matundu kama chujio. Aliishi na mjukuu wake, msichana wa miaka saba tunayemwita Kijiti. Mama yake Kijiti hufua mashuka kwenye hoteli ya mbali na huja mara mbili kwa mwaka. Mtoto huyo alikuwa anakula kama watu watatu na kukonda kama hali kabisa. Tumbo limejaa upepo, miguu ungeweza kuichokolea meno. Walimpa dawa za minyoo mpaka nadhani minyoo yenyewe ilihama mtaa. Ndipo daktari mmoja kijana akamtoa damu ya kupima, akasubiri majibu, akasema: "Ngano, bibi. Utumbo wake hauitaki. Mkate, keki, biskuti, tambi, vyote mwiko. Hata chembe."

Chekeche alilichukua lile neno chembe akaenda nalo nyumbani. Alisugua kuta. Alinunua kikaango kipya, akakifunga uzi mwekundu kwenye mpini, na ole wako ukikigusa. Mimi, dada yake mkubwa, mwenye mvi na magoti mabovu, nilichapwa mwiko wa mkono kwa kuingia jikoni na kipande cha biskuti mdomoni.

"Wewe! Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni!"

"Ulinibeba vizuri, dada. Sasa kateme nje."

Akaanza kujifunza upya kupika. Unga wa mchele haukandiki, hubembelezwa. Alisaga viazi vilivyochemshwa akavichanganya humo ili ushikane, mayai mawili yakipatikana, ndizi iliyoiva sana yasipopatikana, akaumimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kuweka makaa juu na chini. Mkate ulitoka umepasuka kama ardhi ya kiangazi. Ukiukata, unamwagika. Kijiti aliula kwa kijiko na kuuita mkate wa kijiko. Lakini ndani ya miezi mitatu miguu ile ilipata nyama, na siku moja akamrushia jirani jiwe likafika. Tulifurahi sana, ukimtoa jirani.

Mchele si rahisi kwa mtu anayeosha vyombo vya watu. Unga ulitoka zahanati, kila mwezi mfuko mmoja kwa kila mtoto, na watoto wenye ugonjwa huo walikuwa watano. Aliyepewa zabuni ya kuuleta ni Diwani yule yule. Kila mfuko ulikuwa na picha yake anacheka, meno thelathini na mawili na mengine ya akiba, na maneno: UNGA WA MCHELE MTUPU.

Sasa sikilizeni. Mwezi mmoja mkate ulipanda. Ulipanda kama mtu aliyeitwa jukwaani! Ukavimba, ukawa na mgongo wa mviringo, na Chekeche alipoukata kipande kikapinda bila kuvunjika. Akapiga makofi. Mimi nikasema, "Leo ndiyo umekuwa mpishi." Kijiti alikula kipande, akashiba, na bibi yake akamsihi: ongeza mwanangu, leo hatuhitaji kijiko. Akaongeza.

Siku ya tatu yake mtoto alikuwa amelazwa, maji yanaingia kwa mshipa, midomo imepauka kama chaki. Chekeche alikaa kando ya kitanda akimtazama. Ghafla akanigeukia.

"Dada, ule mkate ulipendeza mno."

Akaondoka mbio. Nilimkuta nyumbani ameukanda unga uliobaki ukawa donge, ameliweka kwenye beseni la maji, analifinya na kulisugua taratibu. Ni kazi waliyofundishwa wapishi wa zamani kuwanasa wafanyabiashara wadanganyifu. Unga wa mchele ukiuosha hivyo huondoka wote na maji, unabaki na mikono mitupu. Ngano haiondoki yote, huacha ulimbo. Maji yalikuwa meupe kama maziwa, na mkononi mwake kilibaki kidonge cha kijivu, ukubwa wa yai. Akakivuta, kikavutika. Akakiachia, kikarudi.

Tulijua ngano imetoka wapi. Ile ya msaada, iliyoletwa kwa ajili ya watu waliofurikiwa na mto, ililala ghalani kwa Diwani mpaka waliofurikiwa wakakauka wenyewe. Alikuwa ameipata bure. Mchele ulimgharimu, basi akachanganya nusu kwa nusu.

"Nilimlisha mwenyewe," Chekeche akasema. "Cha pili nikamsihi."

Kesho yake alienda ofisini kwa Diwani na kile kidonge ndani ya kikombe. Alisubiri kwenye foleni ambayo, nawaapieni, mwanamke mmoja aliingia ana mimba akafika dirishani na mtoto anayejua kusoma. Mheshimiwa hakukitazama kikombe.

"Mama, ninyi mkisaidiwa mnatafuta kasoro. Jiko lako ndilo chafu."

"Jiko langu, mheshimiwa?"

"Karani! Mtoto wa huyu mama mfute kwenye orodha. Nafasi apewe mwenye shukrani."

Karani akachukua kalamu akafuta, palepale, bila kuinua uso. Muuguzi wa zahanati naye alipoulizwa alifunga dirisha: "Bibi, nina watoto watatu. Nionee huruma, usiniulize." Ndivyo Kijiti alivyotoka hospitalini akiwa hana hata ule unga mchafu. Chekeche aliuza kitanda chake, akanunua mchele na kinu, akawa anatwanga mwenyewe kila alfajiri kabla ya kwenda kuosha vyombo. Lakini kitanda ni kimoja, na mtoto anakula kila siku. Nilimwambia tuwaendee wazee, tuombe, tulie kidogo mbele ya watu.

"Kulia?" akasema. "Dada, mimi nataka aseme mwenyewe. Kwa mikono yake."

Akazunguka kwa wale mama wanne wengine. Wawili watoto wao walikuwa wameugua pia na kuambiwa ni minyoo. Aliwaambia wanyamaze na wasiwalishe watoto ule unga, na siku atakayowaita waje na masikio yao yote.

Uchaguzi ulikuwa umekaribia. Mheshimiwa alitaka zabuni ya wilaya nzima, na alitangaza mkutano kwenye uwanja wa shule wa kuuonyesha unga wake, wageni wakubwa wakiwepo. Chekeche alivaa aproni iliyopigwa pasi, akaenda ofisini kujitambulisha kama mpishi. Karani yule yule akamsikiliza na asimtambue. Watu wa aina hiyo hawamtazami mpishi usoni, wanatazama sinia.

"Mheshimiwa akikanda mkate kwa mikono yake mbele ya akina mama," Chekeche akamwambia, "kura zote za jikoni ni zake."

Karani alikimbia ndani na wazo hilo kama amelizaa yeye.

Siku ilipofika tumbo la Mheshimiwa lilitangulia jukwaani, mwenyewe akafuata baadaye kidogo. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe, mabeseni mawili ya maji, na nyuma yake mlima wa mifuko yenye meno. Akina mama walijaa uwanja mzima. Kijiti nilimshika mimi, mbele kabisa.

"Chagua mfuko mwenyewe, mheshimiwa," Chekeche akasema kwa adabu ya kuumiza. "Wowote. Uufungue kwa mkono wako."

Akachagua, akaupasua, akacheka na wapiga picha. Chekeche akachota unga wake mwenyewe kwenye kibuyu, ule wa kutwanga. Wakaanza kukanda bega kwa bega. Wa Chekeche ulikuwa tope tu, unapasuka pasuka. Wa Mheshimiwa ulijikusanya ukawa donge laini, linang'aa. Akalinyanyua juu kama kombe. Mama mmoja nyuma yangu, muuza vitumbua, akanong'ona: "He! Mchele gani huo?"

"Sasa tunaosha," Chekeche akasema kwenye kipaza sauti, "ili wananchi wauone usafi wake."

Mtu aliyewahi kukaa jikoni hata siku moja angeuliza, tangu lini donge likaoshwa? Lakini yule chakula humfikia kimeshakuwa chakula. Akakunja mikono ya koti, akatumbukiza mikono yote miwili, akasugua kwa bidii, wapiga picha wakimwambia ageuke huku, mheshimiwa, cheka.

Donge la Chekeche lilikwisha mapema. Akainua viganja vyake juu, vitupu, maji yanachuruzika.

"Mchele mtupu," akasema. "Wako, mheshimiwa?"

Mheshimiwa akainua vyake. Vilikuwa na ulimbo. Ulining'inia kati ya mkono na mkono kama utando wa buibui aliyenona. Akaukung'uta, haukutoka. Akaupangusa kwenye suruali, ukaenda na suruali. Akauvuta kwenye pete, ukarefuka. Kwa mujibu wangu ulirefuka mpaka ukavuka barabara na kumfunga mbuzi, lakini mdogo wangu anasema ulikuwa urefu wa mkono. Tufanye mkono.

"Hiyo ni ngano!" akapiga kelele muuza vitumbua.

"Ngano!" wakaitikia wale mama wanne, mmoja mmoja, kila mmoja akimnyanyua mtoto wake juu.

"Hawa ni wa minyoo, si ndiyo?" Chekeche akauliza. Akashuka, akamchukua Kijiti mkononi mwangu, akamsimamisha juu ya meza kati ya mabeseni. "Na huyu ndiye uliyemfuta. Mtazame. Siku ile hukumtazama."

Mheshimiwa akasema msagaji. Akasema mashine. Akasema wapinzani wake. Kila akisema alipunga mikono, na kila akiipunga ulimbo ulipunga naye, na uwanja mzima ukacheka kicheko ambacho sijasikia tena, kicheko chenye meno. Wageni wakubwa waliondoka kwa lango la nyuma. Muuguzi wa zahanati, yule mwenye watoto watatu, alipanda jukwaani na daftari lake la wagonjwa, akalifungua.

Zabuni ikasimamishwa, majina matano yakarudi kwenye orodha, unga ukaanza kuletwa na watu wengine. Kila mwezi Chekeche huosha donge moja mlangoni kwa zahanati mbele ya mleta unga kabla mtu hajagusa mfuko. Nasikia mleta unga siku hiyo kwa hofu hanywi hata chai. Na serikali ikaunda tume ya kumchunguza Diwani, itakayomsikiliza kila mtu.

Wiki moja kabla ya tume kukaa, Mheshimiwa alikuja kwenye vile vyumba viwili. Peke yake, kwa miguu, cheche za karakana zikimrukia kwenye koti. Alileta kitanda kipya nje kwenye mkokoteni. Chekeche hakukitazama kitanda.

"Mama," akasema. Sauti ilikuwa imekonda. "Ukiwaambia kwamba ni msagaji, wewe ndiye watakusikiliza. Nisamehe. Nina familia."

"Umeshawahi kutwanga?" Chekeche akamuuliza.

"Kutwanga nini?"

Akamwonyesha kinu. Kijiti alikuwa ameketi kizingitini, anamtazama yule mtu wa kwenye mifuko, bila meno safari hii. Mheshimiwa akavua koti. Akatwanga. Mara ya kwanza alimwaga, akaambiwa aokote punje moja moja, mtoto hali mchanga. Akatwanga mpaka jasho likamtoka hata kwenye kucha, viganja vikatoa malengelenge, malengelenge yakapasuka. Kila alipotua, Chekeche alichukua unga kati ya vidole viwili, akausugua na kusema, "Bado." Mimi nilikuwa kwenye kigoda na kikombe cha chai. Sijawahi kunywa chai tamu hivyo, na haikuwa na sukari.

Jua lilikuwa linaondoka ukutani Chekeche alipoitikia kwa kichwa kwamba inatosha. Akauchekecha, akachanganya viazi na mayai, akaoka. Mkate ukatoka umepasuka kila upande. Kijiti akapewa kijiko. Mheshimiwa alisimama mlangoni mikono amekunja kifuani kama kuku aliyelowa, ananusa, na hakuna aliyemkaribisha.

"Basi utanisemea, mama?"

"Nitakusemea."

"Utasema nini?"

"Kwamba ulitwanga vizuri."

Na kweli alisema hivyo mbele ya tume, neno kwa neno, mwisho kabisa, baada ya kuyasema yale mengine yote tangu asubuhi.