Mikono Juu Mtoni

Baba yangu alikuwa mtu wa malori, na watu wa malori huamini kwamba kitu chochote ukikifunga kamba vizuri kitafika. Miaka ile ya vita vya Shifta, waasi wa kaskazini mwa Kenya, wenzake wa Isiolo walipokuwa wakijifungia majumbani kabla jua halijazama, yeye alikwenda ofisi ya mkuu wa wilaya kuomba barua ya ruhusa aipeleke familia yake kupiga kambi mlimani, upande wa Timau, siku tatu. Mama alimuuliza kama akili zake ziko sawa. Baba akasema amechoka kuishi kama kuku wa kufungiwa, na watoto pia wamechoka. Sisi watoto hatukuwa tumesema lolote.

Kwa miezi kadhaa kabla ya hapo alikuwa akitufanyisha zoezi uani kwetu, mtaa wa Kiwanjani. Mimi na kaka yangu tulikaa ndani ya lori lililozimwa, naye akasimama mbele na kupaza sauti, "Simama!" Hapo tulitakiwa kuinua mikono yote miwili, vidole wazi, bila kushika kitu chochote. Mwenzake mmoja wa kazi alikuwa amepigwa risasi kwenye kizuizi cha barabarani akitafuta kipande chake cha utambulisho mfukoni, na Baba alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Tangu siku hiyo hakuwa na mzaha na jambo hilo. Kaka, aliyekuwa na miaka kumi na minne, aliinua mikono kabla hata neno halijaisha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na ukaidi wa watu watatu. Nilishusha mkono kujikuna pua nikala kofi, na kesho yake nikaushusha tena.

Kambini sikupapenda tangu mwanzo. Palikuwa na baridi, na chini ya mti tulioegesha lori tulikuta majivu ya moto wa watu wengine, bado yana joto ukiyagusa. Mzee wa Kimeru aliyetuuzia maziwa alitushauri tusiwashe kuni mbichi, kwa sababu moshi unaonekana mbali na siku hizi kila moshi una mtu wa kuuulizia. Alikataa kukaa anywe chai. Mchana ndege ndogo ilipita chini chini mara mbili, na Baba akaipungia mkono kwa ujeuri wake. Mama alimshika huo mkono akaushusha.

Asubuhi ya pili Baba alijaza upepo tyubu nne za lori zenye viraka, akazifunga pamoja kwa kamba za mizigo, akatandika turubai juu. Babu, aliyekuwa askari wa Mwingereza, aliwahi kumsimulia kwamba wao walivuka mito hivyo. Mto uliopita karibu na kambi ulikuwa umejaa kwa mvua za huko juu. Tungeshuka nao mpaka kona ya pili, tufungue tyubu, turudi kwa miguu. Mama alikataa kupanda, akabaki kambini kuandaa chakula. Baba alikaa nyuma na upondo, fito ndefu ya kusukumia, mimi katikati, kaka mbele, kila mmoja ameshika kamba.

Nakiri kwamba tulifurahi. Maji yaliturusha, yakatupiga usoni, yakatuzungusha tukarudi kinyumenyume, na kaka, ambaye nyumbani alikuwa kimya mno, alicheka mpaka akakohoa. Baba alisukuma mawe kwa upondo, kushoto, kulia, akiimba wimbo wa madereva usiofaa kusikiwa na mama yetu. Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda dakika zile.

Tulipopita kona ya kwanza niliwaona askari ukingoni. Walikuwa watano au sita, bunduki mkononi, na kilichowajia ni turubai la kijani likielea na watu juu yake. Chini yao maji yalikuwa meupe katikati ya mawe.

"Simama! Mikono juu!"

Lori ukilikanyagia breki linasimama. Mto hauna breki, na Baba alilijua hilo vizuri, lakini mikono yake haikungoja afikiri. Aliutupa upondo, akainua mikono. Mbele yangu kaka alifanya kama alivyofundishwa, mikono yote miwili, vidole wazi, bila kushika kitu. Mimi niliing'ang'ania kamba. Sikuwa jasiri wala sikuwa na busara, nilikuwa tu mtoto asiyesikia.

Tyubu ya mbele iligonga jiwe na kupanda juu. Kaka akatoka pale alipokuwa, mikono bado iko juu, na hakupiga kelele. Risasi haikulia hata moja. Sisi wawili tulikwama kwenye mawe ya chini, na Baba akaingia majini akimwita, akaingia tena na tena. Askari mmoja alimpa mwenzake bunduki yake, akajitosa mpaka kifuani kumsaidia. Ndiye aliyempata kaka, kwenye mizizi ya ukingoni, baada ya muda ambao hakuna mtu angeweza kuishi chini ya maji.

Barua ilisomwa, ikarudishwa. Askari wakambeba kaka ndani ya turubai mpaka kambini. Mama alisimama kando ya sufuria yake akatuhesabu kwa macho. Hakumuuliza Baba. Aliniinamia mimi, akanishika mabega, akataka nimwambie ilivyokuwa.

Nilimwambia. Askari walisema mikono juu. Baba akainua, kaka akainua, mimi nikashika kamba.

Mama alikaa chini, akafunua turubai, akamfuta kaka mchanga usoni kwa mtandio wake. Alimfuta muda mrefu. Kisha akamtazama Baba, aliyekuwa amesimama pale amelowa maji, asijue mikono yake aiweke wapi.

"Ulimfundisha vizuri," akamwambia.

Miaka yote waliyoishi pamoja baada ya hapo, sikumsikia akimwambia tena neno lingine juu ya mtoto huyo.