Fundi wa baiskeli anayehofia kilo za mama mkwe

Saa moja asubuhi, fundi amepiga magoti mbele ya baiskeli ya kukunja, sikio lake karibu liguse bawaba ya fremu. Anaifunga, anaifungua, anaifunga tena. Haina kasoro. Hata hivyo jasho linamtoka.

"Ingekuwa ya mteja mwingine ningeshaikabidhi," anasema kwa sauti ya chini. "Hii ni ya mama mkwe."

Kwa miaka sita fundi huyu wa kike amekuwa akitengeneza baiskeli kwenye kibaraza cha nyumba anayopanga na mumewe. Siku nzuri hupata kazi tatu. Mvua ikishika, hapati hata moja.

Mama mkwe ni mshonaji. Chumba chake cha kazi kiko ghorofa ya tatu. Baiskeli huikunja na kuisukumia chini ya cherehani, maana ukiiacha kwenye ngazi, jioni huikuti.

Tatizo lilianza na magoti. Mlima wa kuelekea kazini ulimshinda mama, akaomba gia. Fremu ya zamani ya chuma ilikuwa imelika kwenye bawaba, hivyo fundi akahamishia vipuri vyote kwenye fremu mpya ya alumini na kufunga gia tatu. Mlima sasa unapandika. Kinachomnyima usingizi ni mteremko wa kurudi: kibandiko cha fremu kinasema mwisho kilo mia moja.

"Sasa mtu anamuulizaje mkwe wake uzito?"

Mumewe alipoombwa aulize yeye, ghafla alikumbuka ana safari.

Mama mwenyewe anaingia, kikapu cha vitambaa mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona tangu juzi unanitazama kiunoni? Nguo imechanika?"

Fundi anababaika, anamwonyesha kibandiko. Mama anasogeza miwani, anasoma.

"Tisini na nane," mama anasema hatimaye. "Na ukimwambia mwanangu, sikujui."

"Na kikapu, mama?"

"Kikapu kitu gani! Kilo saba tu."

"Basi hakipandi. Nitakuletea mwenyewe kila asubuhi, na jioni nitakirudisha."

"Na chai ya kabla ya kutoka je?"

"Utakunywa ukifika."

Mama anacheka mpaka anashika mlango. Fundi hacheki. Leo mchana atateremka mlima kwanza yeye, na mfuko wa mchanga mgongoni.

"Mimi nina sitini, arobaini ni mchanga," anasema. "Ikivunjika, ivunjike nikiwa juu yake mimi. Mama nataka aache kushona siku atakayochoka mwenyewe, asije akaachishwa na mikono yangu."