Alichojibu Nyanjige

Nyanjige alikuwa mtu wa kujibu. Ukimsema vibaya mtu wake, hata kama wewe ni mwenyekiti wa kijiji, ungepata jibu lako hapo hapo. Tabia hiyo ilimfaa kwenye cherehani yake sokoni Bariadi, maana wateja wa nguo ni wabishi. Mtandaoni ilimponza.

Mwaka ule Bariadi ilikuwa imeshafanywa makao makuu ya mkoa, kila kampuni ya simu imesimamisha mnara wake, na nusu ya mji ilishinda kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wa Bariadi. Asubuhi moja, akiwa na gauni la bi harusi mapajani, Nyanjige alikuta mtu mwenye jina la bandia ameandika: "Violeth wa mzee Mayige ana mimba. Waoaji wake kutoka Mkula wamefichwa." Violeth ni binti wa kaka yake, na gauni lile lilikuwa lake.

Akaandika kwa herufi kubwa: "VIOLETH HANA MIMBA, NA WAOAJI HAWAJAFICHWA KITU. MKOME." Akarudi kushona, roho kwatu.

Mchana yule mnafiki akabadili maneno yake. Sasa yakasomeka: "Hongera Violeth kwa kuchumbiwa. Mungu aibariki ndoa yenu." Jukwaa halikuonyesha kama kuna kilichobadilishwa. Juu pongezi safi, chini shangazi mtu anapiga kelele za mimba.

Jioni Mayige akaja, kiti akakikataa.

"Dada, nani alikuuliza habari za mimba?"

"Soma hapo juu, kaka."

"Nimesoma. Mtu anatupongeza."

Waoaji walikuwa wameshapiga simu. Violeth akapelekwa kupimwa, akalia njia nzima, akakutwa hana kitu. Ndoa ikapona, shangazi hakupona. Kazi ya kukaa na bi harusi na kumfunda, ambayo ni ya shangazi tangu enzi, akapewa jirani yao Felisita.

Nyanjige akamfuata Sylvester, kijana mwenye duka la stationery karibu na stendi, ambaye ndiye msimamizi wa jukwaa.

"Mwadila, mayu," Sylvester akamsalimu kwa Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama yake.

"Maneno ya kwanza ya yule mtu yako wapi?"

"Yapo. Mimi huku nayaona."

"Basi yaonyeshe."

"Siwezi, mayu. Ni faragha ya mwanachama. Mtu ana haki ya kusahihisha alichoandika."

Faragha ya mtu asiye na jina. Haya ndiyo yanayonichosha mimi, na Nyanjige nusura apindue meza.

"Kwenye kikao," akasema, "mtu akiteleza anasimama, anasema nafuta kauli. Tunasikia alichosema, tunasikia na alichofuta. Huyu wako amefuta akiwa amejificha."

"Tukionyesha yote, watu wataogopa kuandika. Wengine wanarekebisha herufi tu."

"Herufi ionekane. Nani amewahi kufa kwa herufi?"

Sylvester akacheka kidogo, kisha akatoa ushauri. "Na wewe futa yako, yaishe."

"Nikifuta, watasema nimejua kosa langu."

Nyanjige akafuta hata hivyo, kwa ajili ya Violeth, na walimsema vile vile alivyotabiri.

Siku ya harusi alikaa nyuma, karibu na masufuria. Gauni lilimkaa Violeth vizuri, na hilo peke yake ndilo lililomfurahisha. Mshereheshaji alikuwa Sylvester. Wakati wa kutambulishana, mama wa bwana harusi, Benedikta, akamwita Nyanjige mbele, akamshika mikono watu wote wakitazama.

"Dada yangu, yamepita," akasema kwenye kipaza sauti. "Sisi wa Mkula tumekusamehe."

Vigelegele vikapigwa. Nyanjige akamgeukia Sylvester, mtu pekee pale aliyekuwa bado anayaona maneno ya kwanza. Sylvester akainama, akaanza kurekebisha waya wa spika ambao haukuwa na tatizo.

Nyanjige akamgeukia tena Benedikta.

"Asante," akajibu.