Uzi wa Kwenye Pindo

Kwa miaka sita nilikula kwa kuchoma nyuzi. Mfanyabiashara anatua kutoka Dar, anaingia Shahe, soko la nguo la Guangzhou, muuza nguo anamwapia kuwa ni pamba tupu, naye hajui kama ni pamba au plastiki. Ananipigia simu. Nakwenda, nachomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, nauwasha kwa kiberiti cha gesi, nanusa. Pamba inanuka karatasi na kuacha jivu la kupeperuka. Plastiki inajikunja, inadondosha tone jeusi, na tone likipoa linakuwa gumu kama punje ya pilipili manga.

Hakuna aliyenifundisha. Shule niliiacha darasa la sita, siku mwalimu aliponichapa kwa kuuliza kwa nini mkaa unawaka bila ndimi wakati kuni zina ndimi. Nilitoka mlangoni na sikurudi. Nikazunguka Kahama, Lubumbashi, Mombasa, kisha huku, na popote nilipofika niligusa vitu, nikanusa, nikauliza. Uzi nilikuwa nauchomoa pindoni kwa sababu ukiuchomoa kifuani umeiharibu nguo ya mtu. Wote tunaofanya kazi hii Guangzhou tunachomoa pindoni. Ni adabu tu.

Siku moja ya maonyesho ya biashara, dada mmoja wa Unguja mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo alinipigia simu kutoka ukumbi wa Pazhou.

"Njoo haraka. Nna mzungu huku anachoma nguo za watu."

"Anazichoma vipi?"

"Kila kibanda anachoingia anatoa kiberiti. Walinzi washamtoa mara mbili. Mwenzako huyo, njoo umchukue."

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi nje ya ukumbi. Mwingereza wa miaka sitini na kitu, mfupi, shingo nene kama ya mpagazi. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imekunjamana na kung'aa, na sikio la kushoto lilibaki kipande. Nilijua ninachokiona, maana nilikuwa nakiona kila siku kwenye ncha ya uzi: kitu kilichoyeyuka kikapoa.

"Unatazama nini?" akaniuliza.

"Mikono yako, mzee. Iliungua na nini?"

Dada wa Unguja alinifinya. "Huna haya wewe! Ndo kwanza umwone mtu!"

Mzungu akacheka. "Mwache. Wenzake wote wanatazama kisha wanajifanya kusoma simu."

Alikuwa akitafuta ovaroli zisizoshika moto. Alikuwa na shule ya kuendesha vigari vidogo vya mashindano huko Amerika, katika mji ambao viwanda vyake vimefungwa, na wanafunzi wake ni watoto wa watu wasio na kitu. Alitaka ovaroli thelathini: ishirini na nne za watoto, sita za walimu. Nilimpeleka kwa laoban mmoja, yaani bosi mwenye kiwanda chake, ambaye nimekunywa naye chai miaka yote sita. Sampuli tuliichoma dakika nzima. Iligeuka nyeusi bila kushika. Mzungu aliinusa kwa muda mrefu, kisha akaagiza.

Tulisubiri mzigo wiki tatu, na katika wiki hizo ndipo aliponisimulia maisha yake. Tulikuwa tunapanda metro bila safari. Nilimwambia mimi nikikaa mahali pamoja naumwa, akasema na yeye vilevile.

Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kwao kiti cha gari la mashindano kilikuwa cha mtoto wa tajiri, basi akiwa na miaka ishirini na moja alivuka kwenda Amerika, kofia yake ngumu ndani ya mfuko wa nguo chafu. Huko alikuta magari ya kiti kimoja, magurudumu nje, kichwa cha dereva kikiwa wazi, yakizunguka kiwanja chenye ukuta wa zege. Unakata kushoto, unakata kushoto tena, kwa kasi ambayo, alisema, ukipiga chafya umeshapita viwanja viwili vya mpira.

"Sasa gurudumu likigusa gurudumu la mwenzako?"

"Wa nyuma anaruka."

"Anaruka mpaka wapi?"

"Inategemea ukuta uko wapi."

Mwaka wa kwanza ukuta ulimvunja vifundo vyote viwili vya miguu. Alirudi kabla havijaunga, mafundi wakazipinda pedali ziufuate mguu ulivyokaa. Mwaka wa tatu alishinda kwa mara ya kwanza, kidole kimevunjika na kufungwa kwa tepu kwenye usukani, na alipovuka mstari alitapika ndani ya kofia. Mwaka wa tano, mtu aliyepanga naye chumba kimoja aliruka mbele yake. Yeye alipita chini ya gari lile. Aliliona tumbo lake, mabomba na mafuta yanayomwagika, kisha akausikia ukuta. Mzunguko uliofuata alipita palepale, juu ya vipande, na redioni wakawa wanamwambia habari njema.

"Nafasi ya nne," alisema, akitazama mlango wa treni. "Waliniambia, sasa uko nafasi ya nne."

Aliendesha misimu kumi na moja na kushinda mara mbili. Kilichommaliza ni moto. Magari yale yalitumia spiriti badala ya petroli, na spiriti ile ikiwaka juani haina rangi. Siku hiyo walikuwa wanamjazia tangi, mpira ukachomoka, spiriti ikammwagikia mgongoni. Alitoka garini anawaka na hakuna aliyeona. Akarukaruka, akajipiga mabega, akajigaragaza. Watu jukwaani wakapiga makofi, wakidhani anacheza. Fundi wake mmoja alimjia akitabasamu, mikono wazi, amkumbatie. Mpaka ovaroli ilipoanza kujikunja yenyewe mwilini ndipo walipoelewa. Ovaroli hiyo aliuziwa kwa kiapo kwamba haishiki moto.

Nilimuuliza maumivu yake yakoje. Alifikiri kwa vituo viwili.

"Kwanza hakuna. Kwanza unasikia baridi."

Mzigo ulipokuwa tayari tulikwenda kiwandani saa sita mchana. Maboksi yalikuwa yamepangwa uani, kwenye sakafu ya saruji, karibu na pipa kubwa la maji ya kulowekea vitambaa. Nilitoa ovaroli tatu kutoka maboksi tofauti, nikachomoa uzi pindoni kwa kila moja, nikawasha. Nyuzi zilipiga weusi zikazimika, bila tone.

"Safi," nikasema.

"Pengyou!" Laoban alinipiga begani. Rafiki. Ndivyo alivyoniita siku zote.

Lakini mzungu alikuwa na chupa ya spiriti mfukoni. Alitaka ovaroli moja itundikwe, aimwagie, aiwashe. Laoban akakataa. Sampuli ilishachomwa, hachomi tena mali yake.

"Meiyou!" alipiga kelele. Hakuna! "Mwambie mzee wako kama haniamini akashonewe na mama yake."

Nilitafsiri.

"Mwambie mama yangu alishona kwa jicho moja na bado alimshinda."

Hilo nalo nilitafsiri. Wakafika kushikana kola, mate yakirukiana usoni, mimi katikati. Kila mmoja alikuwa ananiita kwa ushahidi, na nikaona kwamba anayebishiwa ni mimi. Mimi sina cheti. Sina duka. Mjini hapa nina neno moja tu, safi au siyo safi, na hilo ndilo lililokuwa likitiliwa shaka mbele ya kiwanda kizima. Damu ikanipanda. Nikaivuta ovaroli moja ya mwalimu, nikaingiza mkono wa kulia.

"Toa mkono," mzungu akasema.

"Nimesema ni safi, mzee."

"Toa mkono, mjinga wewe!"

Nilimpokonya chupa na kumimina kiasi cha kifuniko kwenye kiwiko. Laoban alikuwa ananitazama. Alishika kikombe chake cha chai, hakunywa. Nikawasha.

Hakikutokea chochote. Jua lilikuwa utosini na sikuona moto wala moshi. Nilisikia baridi tamu kwenye kiwiko. Nikauinua mkono juu niwaonyeshe wote, nikaanza kucheka, na washonaji waliokuwa madirishani wakacheka nami.

Mzungu alinirukia. Alinikata mtama nikaanguka kisogo, akanikalia kifuani, akaanza kuupiga mkono wangu kwa viganja vyake vyote viwili, kwa nguvu, kama mtu anayeua nyoka. Alikuwa akitukana na kulia. Wanaume wawili wa kiwandani walikimbia na mabomba ya chuma ya kuviringishia vitambaa, wakampiga nayo mgongoni, mgongo uleule. Nilisikia sauti ya mbavu. Hakuniachia. "Mtoeni!" nilipiga kelele kwa Kichina, "mzee kachanganyikiwa, mpigeni!" Nikamuuma mkono. Ngozi yake haikuwa na ladha yoyote, laini kama mfuko wa nailoni, na hakuuondoa mdomoni mwangu, aliendelea kunipiga kwa mwingine.

Ndipo joto likaja. Liliingia hadi kwenye mfupa. Niligeuza macho nikaona mkono wa ovaroli unajikunja peke yake, unapanda kutoka kwenye kiwiko kuelekea begani, hakuna moto wowote, kama unavutwa kwa ndani. Tone jeusi likadondoka kwenye saruji. Kisha ukatoka moshi, na baada ya moshi mwali wa njano, na hapo kila mtu akaona. Bomba moja lilikuwa limeshainuliwa likamshukia kichwani, maana aliyelishika hakuwahi kulizuia. Mzungu alinyanyuka na damu usoni, akanivuta kwa mguu mpaka kwenye pipa, akanisukuma ndani kichwa kwanza. Nilipoibuka mkono wa ovaroli ulikuwa umeng'oka, na ngozi yangu imeondoka nayo.

Hakuningoja. Aliokota kisu cha kukatia maboksi, akaanza kuzichana ovaroli migongoni, moja baada ya nyingine, ndogo kwa kubwa. Laoban alimshika nywele kwa nyuma. Mimi nilikuwa bado nachuruzika maji. Nilikikwapua kikombe chake cha chai nikampiga nacho laoban kwa mkono wa kushoto, kikavunjikia menoni mwake, nikampiga tena na tena mpaka aliponiambia "pengyou", na kwa neno hilo nikampiga mara ya mwisho.

Kisha nikakaa chini kati ya vitambaa na kuokota ovaroli ya mtoto. Nililigeuza pindo. Kulikuwa na ukanda wa kitambaa kizuri, upana wa kidole, umeshonwa kuzunguka nguo nzima kwa mkono wa fundi hodari. Vilivyobaki vyote ni plastiki. Nikachukua nyingine, vilevile. Miaka sita laoban alinimiminia chai huku akitazama vidole vyangu vinakwenda wapi.

Hospitalini walitulaza vitanda viwili vinavyotazamana, yeye mbavu nne na nyuzi kichwani, mimi mkono kwenye bandeji hadi kwapani. Nilimwomba radhi kwa kumuuma.

"Hukuuma vizuri," akasema. Baadaye, nilipodhani amelala, aliniuliza: "Ulisikia baridi?"

"Ndiyo, mzee."



Mzigo wa pili tuliupata kiwanda kingine. Dada wa Unguja alikuwepo, na aliponiona nimelaza ovaroli ya kwanza kifudifudi, kisha chali, nikachomoa uzi katikati ya kifua kwa mkono wa kushoto, akapiga kelele.

"Unaharibu nguo za watoto wa watu!"

"Naharibu, dada."

Nilizichoma nyuzi thelathini, kifua kwa kifua, hakuna uliodondosha tone. Wateja wangu wa soko la Zhanqian wengi wamenikimbia tangu hapo, wanasema namwacha mtu na bidhaa yenye tundu. Mkono wangu unanyooka nusu. Mwaka jana mzungu alinitumia picha: watoto wamesimama mstari mmoja kando ya vigari vyao, kofia kwapani, wanakunja nyuso kwa jua. Ameshonea kila mmoja namba kubwa nyeupe kifuani, palepale nilipotoboa.