Mstari mweupe wa Lukasi

Leo nimemwonea mtu wivu kwa sababu ya mstari.

Mwenye duka hapa Newala alituagiza mimi na Lukasi, seremala mwenzangu wa Kitangari, kila mmoja achonge gari dogo la mbio, kama lile aliloliona kwenye gazeti la Wazungu.
Litakalopendeza zaidi atalinunua na kuliweka dirishani.

Langu nililichonga vizuri kuliko lake. Hata yeye anajua.

Nikalipaka rangi nyekundu, ikakauka. Nikabandika vipande viwili vya karatasi kwa uji wa muhogo, nikapaka mstari mweupe katikati yake.
Nilipobandua, nyeupe ilikuwa imepenya chini ya karatasi. Ukingo ukawa kama meno ya msumeno.

La Lukasi? Mstari umenyooka kabisa. Hata Bwana DC alisimama kulitazama.
Likawekwa dirishani.

Nikameza wivu, nikamwuliza amefanyaje.
"Ukishabandika karatasi, pitisha tena nyekundu ukingoni mwake, izibe mwanya. Ikikauka, ndipo upake nyeupe. Shemeji ndiye aliyenifundisha."

Shemeji, yaani mke wangu.

Nimefika nyumbani nimevimba. Mama Zuhura alikuwa anatwanga.
"Umemfundisha Lukasi, mimi mumeo umeniacha?"
Hakuacha kutwanga. "Ndivyo ninavyopaka nakshi za ukuta huu kila mwaka, Baba Zuhura. Lukasi aliuliza. Wewe hujawahi kuuliza."

Jamani, nyie mngejibu nini?

Nimelikwangua gari, nikampa brashi. Mstari umetoka safi.
Jirani amepita, amelitazama sana gari nililolichonga mimi, kisha akasema, "Hongera, Mama Zuhura."