Somo Yangu wa Mkiani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa nyundo ndogo na kigoda, nikaambiwa nisizungumze na mtu mpaka chakula cha mchana. Aliyeniambia hivyo alikuwa Fundi Mkuu, Athumani Kilindo, mwanamume mrefu, mkavu, asiyecheka. Nikajua amenichukia. Kumbe ndiyo kazi yenyewe: nilikuwa nafundishwa kusikiliza.

Karakana yetu ilikuwa Gerezani, hapo hapo ubavuni mwa Kariakoo, mali ya ushirika wa wasubu sufuria. Kusubu ni kuyeyusha madini tanuruni na kuyamimina kwenye kalibu, yaani umbo lililotengenezwa kwa mchanga wenye unyevu. Ninyi wajukuu mmezikuta sufuria zimepangwa madukani zinameta, hamuulizi zilikuwa nini kabla. Zetu zilikuwa vitu vingine kwanza: pistoni za malori, fremu za madirisha, birika zilizotoboka. Vyote hivyo tuliviita skrepa, na skrepa lazima ichambuliwe, maana ukichanganya risasi, yale madini mazito laini, na alumini umempikia mtu sumu.

Wachambuzi tulikuwa wanawake wawili, mimi na Sikudhani Mbaruku wa Ilala. Unagonga, unasikiliza. Alumini inalia mlio mfupi, mkavu. Chuma kinaimba. Risasi haisemi kitu. Na kitu chenye uwazi ndani kinaitika kama mtungi mtupu, lakini kilichojaa kinameza nyundo yako. Shule niliishia darasa la pili, kuandika huku nimejifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Lakini masikio yangu yalisomea Gerezani.

Nilipanda taratibu. Nilihamishiwa kwenye mchanga, kwa Mzee Ramadhani Pazi, Fundi Kalibu, aliyekuwa akionja mchanga kwa ulimi kujua kama umekolea maji. Nikapelekwa kung'arisha, kwa Bi Felista Mushi, tukipiga tupa mpaka vidole vinakufa ganzi. Kisha nikarudishwa uani kuwa Mkuu wa Wachambuzi. Hapo ndipo ilipotukuta ile ndege.

Ilikuwa miaka ile watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Madini yalikuwa adimu kama sukari, na Mwenyekiti wa Ushirika, Ndugu Elia Temba, alikuwa ameahidi sufuria kubwa za majiko ya vijiji vipya. Akapata habari kwamba huko kusini, msituni, kuna ndege ya vita vya pili iliyoanguka, na watu waliokuwa wakiishi karibu wamehamishwa. Akatuma lori.

Lori lilirudi limejaa vipande kama samaki aliyekatwakatwa. Ilikuwa ndege ya mabomu, zile kubwa zenye injini nne. Bawa lilikuwa limeota kuvu ya kijani. Fundi Athumani alitoka tanuruni akifuta mikono, akaona mzigo, akasimama. Hakutusalimia wala hakumsalimia dereva.

"Hii tulishasalimiana huko Burma," akasema, akarudi ndani.

Tulijua alipelekwa Burma na jeshi la Mwingereza, lakini hakuwahi kusimulia. Siku ile Sikudhani alimfuata na chai, akamchokoza mpaka akasema. Kazi yake huko ilikuwa kubeba mafuta kwenye uwanja wa ndege kama hizo. Zilikuwa zinaruka asubuhi, kundi zima. Zikirudi, ukiangalia angani unaona mapengo. Hakuna aliyeuliza. Kwenye hema la waliokosekana vitanda vilikunjwa kabla jua halijazama, na kesho yake wageni wanalalia vitanda vile vile.

"Na majina yao?" Sikudhani akauliza.

"Ukitaja jina la asiyerudi, wanakutazama kama umemwita," Fundi akajibu. "Kanywe chai yako, mama."

Tukaanza kuyeyusha. Vipande vya kwanza vilikuwa gurudumu na vifuniko vya injini, vyepesi ajabu. Nilivigonga, vikalia kama alumini, ila mlio ulikuwa na kitu kama kukohoa. Vilipoingia tanuruni tulisikia mlipuko wa upepo, kisha mwanga mweupe ukajaa karakana nzima, mweupe kuliko jua la mchana lililokuwa nje. Mzee Ramadhani akapiga kelele, "Mchanga! Maji msimwage!" Tukaumwagia ule moto mchanga mpaka ukafa. Baadaye tulifundishwa kwamba ndege zina madini fulani yanayoshika moto, na njia ya kuyatambua ni kudondoshea ndimu: yakichemka povu, weka pembeni. Tangu siku ile ndimu hazikukosekana kwenye kikapu changu.

Lakini ule mwanga, jamani. Sikudhani alinivuta mkono akaninong'oneza, "Mwanahawa, uliona ukutani?"

"Nimeona nini?"

"Vivuli. Vilikuwa vingi kuliko sisi."

Nikamwambia macho yake yameungua. Sikumwambia kwamba na mimi niliviona.

Uani kulibaki mkia. Ulikuwa mkubwa kama chumba, umebonyea pande zote, mlango wake umejikunja ndani mpaka hakuna pa kuingiza mkono. Ndugu Temba akauzunguka, akaupiga kofi kama mtu anayenunua ng'ombe. "Huu peke yake sufuria za vijiji vitatu," akasema. "Jumatatu uingie tanuruni, ncha kwanza, uyeyuke kidogo kidogo."

"Uingie hata leo," Fundi Athumani akasema kwa haraka. Nilishangaa, maana yeye kila kitu alikipinga kwanza.

Kabla ya Jumatatu hiyo akaja mzee mmoja. Alibisha hodi getini wakati wa adhuhuri, ana vumbi la safari, kapu begani. Akajitaja kuwa Saidi Likanga, ametoka kusini, amefuata ndege yake.

"Ndege yako, mzee wangu?" Temba akacheka. "Uliinunua kwa nani?"

"Nimeilea," akasema. "Watu wake ni wageni wetu."

Tukampa maji, akatuhadithia. Yeye alikuwa kijana ndege ilipoanguka, siku ya mvua, mchana, ikipita chini mno ndani ya mawingu. Watu walisema ilikuwa ikiwinda manowari baharini ikapotea. Waliwakuta maiti sita wametawanyika kwenye mashamba ya mtama. Wakawazika. Lakini kwao mtu hazikwi bila jina, maana siku ya kuwakumbuka marehemu kila mmoja huitwa kwa jina lake na kunyunyiziwa unga. Majina ya wale wazungu nani angeyajua? Basi wakaamua: aliyekuwa wa kwanza kumgusa maiti, ndiye anampa jina lake. Wanakuwa somo, watu wa jina moja. Na siku ya kukumbuka, marehemu akiitwa, somo yake aliye hai ndiye anayeitika kwa niaba yake.

"Mimi yupo Saidi wangu," akasema, "alikuwa kijana, ana nywele nyekundu. Lakini ndani ya ile ndege kulikuwa na nafasi ya saba. Alikuja Mwingereza mmoja baadaye, akatuambia walikuwa saba. Tumemtafuta miaka yote hii. Sasa sisi tumehamishwa, ndege imechukuliwa. Nikajiambia, kama yumo ndani ya chuma, watamla."

Sikudhani alikuwa ameshika mdomo.

Temba akakohoa. "Mzee, pole sana. Lakini ule mkia mtupu. Umebonyea tu. Na mimi nina ahadi."

"Nauombea jambo moja. Ufunguliwe kabla ya moto."

"Kuukata mkia ule ni kazi ya siku nzima na misumeno hatuna. Fundi Mkuu, si ni mtupu?"

Wote tukamgeukia Fundi Athumani. Alikuwa anatazama chini. "Ya vita yaachwe," akasema. "Uyeyushwe, yaishe."

Mzee Likanga hakubishana. Aliketi chini kwenye vumbi, mgongo ukiegemea ule mkia, kama mtu aliyefika kwake. Temba akanigeukia kwa hasira ya mtu asiyejua la kufanya. "Mkuu wa Wachambuzi, ugonge basi, tumalize maneno."

Nikachukua nyundo. Wapiga tupa wakaacha tupa zao, uani kukawa kimya, hata makelele ya wapagazi wa Kariakoo sikuyasikia tena. Niligonga ubavuni: ukaitika, mtupu. Nikagonga juu: mtupu. Nikaenda nyuma kabisa, pale palipochongoka kama kibanda, nikagonga.

Nyundo ikamezwa.

Nikarudia, pale pale. Ikamezwa tena. Nikauinua mkono kugonga mara nyingine, nikauzuia hewani, na mlio ukaja hata hivyo. Mmoja, mdogo, kutoka upande wa ndani.

Bi Felista akapiga ishara ya msalaba. Temba akarudi nyuma akakanyaga ndoo.

"Ni chuma kinapoa," akasema.

"Jua la saa saba hili, Ndugu Mwenyekiti," Sikudhani akamwambia. "Kinapoa kwa nini?"

Ndipo Fundi Athumani alipoingia ndani akatoka na patasi na nyundo kubwa. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Huwa kuna mtu anakaa hapo," akasema, na alikuwa akimwambia Mzee Likanga peke yake. "Mpiga bunduki wa nyuma. Wenzake wote wanatazama wanakokwenda, yeye peke yake anatazama walikotoka. Niliwafungia mlango wengi. Ndege zikirudi, wa kwanza kuangaliwa alikuwa yeye, na mara nyingi... Nilijua tangu lori linaingia. Nilitaka tu nisimwone."

Akakata ribiti moja baada ya nyingine, yaani misumari butu inayoshikanisha mabati ya ndege. Hakukubali kusaidiwa. Tundu lilipopatikana lilikuwa jembamba, mkono wake haukupita. Wangu ukapita.

Ndani mlikuwa na baridi. Sitaki mnibishie, mlikuwa na baridi, kama kisimani. Nilipapasa nikashika kitu laini kilichokauka, nikakivuta taratibu. Ilikuwa glavu ya ngozi yenye manyoya ndani, na haikuwa tupu.

Nililia hapo hapo. Mzee Likanga akanyanyuka, akanishika bega.

"Jina lako nani, binti yangu?"

"Mwanahawa. Mwanahawa binti Selemani."

"Basi huyu ni Mwanahawa."

Kwa mara ya kwanza tangu mzee atuhadithie, mtu akacheka. Alikuwa Sikudhani, kicheko cha woga. "Mzee wetu, hilo jina la kike! Mzungu dume huyo!"

"Kwani amekataa?" Mzee Likanga akauliza.

Temba hakusema habari za Jumatatu tena. Alikwenda mwenyewe kutafuta kitambaa cheupe, na wakati ule kitambaa hukipati bila kujuana. Fundi Athumani akatengeneza sanduku la bati, akalipiga pasi kwa nyundo mpaka likawa halina hata kovu. Tukamlaza humo na glavu zake. Kitu cha kumtambulisha hatukukiona. Unyevu ulikuwa umekula kila kitu. Polisi wakaarifiwa, wakaja, wakatazama, wakasema azikwe na wenzake.

Lori lililokwenda kusini kufuata skrepa nyingine likatupakia mimi, Fundi na Mzee Likanga. Makaburi tuliyakuta kwenye mashamba yaliyoachwa, mtama umejiotea wenyewe. Watu walitembea kutoka kijiji kipya, wakafyeka, wakachimba. Asubuhi ile ukungu haukutaka kuondoka, na tuliposimama pale nilisikia mngurumo juu kabisa, mzito, unaokwenda polepole. Nikatazama juu kama wote. Hakukuwa na kitu. Hakuna aliyeulizia.

Mzee Likanga akashika bakuli la unga, akaita.

"Saidi!" Akajiitikia mwenyewe, "Naam."

"Mfaume!" Mzee mmoja akaitika, "Naam."

"Hamisi! Bakari! Issa!" Wakaitika. "Athanasi!" Athanasi aliyempa jina lake alikwishakufa, akaitika mwanawe.

"Mwanahawa!"

Nilifungua kinywa niseme "abee". Kabla sauti haijatoka, mtu akaitika nyuma yangu.

"Naam."

Ilikuwa sauti ya kijana, ya mtu aliyechoka. Niligeuka nikidhani ni Fundi Athumani. Midomo yake ilikuwa imefumba, na alikuwa ananitazama mimi. Nyuma yake kulikuwa na mtama tu. Mzee Likanga akamwaga unga juu ya udongo mbichi.

"Amefika," akasema, na watu wakaanza kusoma dua.

Mkia uliyeyushwa. Nilisimama tanuruni nikaona madini yakimiminika meupe, tulivu, bila mavi ya chuma, na sufuria zikaenda vijijini kama Temba alivyoahidi. Fundi Athumani baada ya hapo alianza kutaja majina. Katikati ya kazi tu, anapuliza moto, anataja jina la kizungu, kisha jingine, watu aliowafungia mlango huko Burma. Hatukumkatiza. Alistaafu, akafariki, nikamrithi Mzee Pazi kwenye kalibu, na nilipostaafu karakana ilikuwa tayari inauza mabati.

Kazi ile haipo tena. Mkitaka kujua iliniachia nini, ni kusikiliza kabla ya kufanya jambo. Kusini nilikwenda kila mwaka miguu iliporuhusu. Sasa natuma unga. Mzee Likanga na wenzake wote wamekwisha kuondoka, somo nimebaki mimi. Kuna kaburi lenye jina langu na mimi bado nakula ugali, na mwenye kaburi ana mama yake mahali fulani ambaye hakuambiwa kwamba mwanawe aliitwa mpaka akaitika.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, mnapotoka uani mkaniita "Bibi Mwanahawa!" nikakaa kimya, msiseme nimekuwa kiziwi. Nawasikia. Nangoja kidogo tu, kwa adabu, nimwachie nafasi.