Kisanduku Kilichomkataa Tan Yuelan

Tan Yuelan alipokuwa msichana wa kiwandani, hapa hapa Shenzhen, msimamizi wao alikuwa akiwawekea sarafu juu ya kifundo cha mkono kabla hawajaanza kulehemu. Ukiiangusha unakula mwisho, na anayekula mwisho hukuta wali umeganda na nyama imekwisha. Yuelan hakuwahi kula mwisho. Kiwanda kilipofungwa alikuja kutengeneza simu kwenye meza za Huaqiangbei, soko la vifaa vya umeme, na mkono alikuja nao vilevile: akishika chuma cha moto chini ya hadubini, ungedhani amepigwa picha. Mimi nauza vipuri kwenye kibanda cha pembeni yake, nimemtazama miaka na miaka, na mkono mwingine wa namna ile sijauona.

Basi mwaka jana bosi wake, Kuang Zhihao, akaleta mashine mpya. Kuang ni mtu mwenye adabu, ila ana ugonjwa wa kupenda vitu vyenye namba zinazowaka. Alisema wateja siku hizi wanachungulia mezani, na wakiona chuma cha zamani chenye mpini uliopauka wanahamia kwa jirani. Vyuma vya zamani akavikusanya akaenda navyo. Kila fundi akapewa kisanduku chake: joto unalichagua kwa vitufe, na mpini umeungwa kwa waya laini kama mlenda.

Yuelan alikifunga kwa heshima zote. Alichomeka ncha mpaka ikagota, akaweka kitako cha kuegemezea mpini mahali ambapo kiwiko hakitakigusa, akalowesha sifongo na kuikamua isichuruzike, kisha akabonyeza digrii mia tatu na hamsini. Namba zikapanda mbio. Kabla ya kitu kingine chochote akaipaka ncha risasi ya kulehemea, ikang'aa. Nikampa hongera, na ilikuwa hongera ya mwisho kwa kipindi kirefu.

Kazi ya kwanza ilikuwa tundu la chaji. Aliinama kwenye hadubini, risasi ikayeyuka vizuri kwenye mguu wa kwanza wa tundu, ikayeyuka wa pili, halafu katikati ya kazi ikagoma na ncha ikanasa. Akainua kichwa, akafuta jicho, akatazama kisanduku. Mia tatu na hamsini. Akainama tena, ikayeyuka. Baada ya muda ikanasa tena, naye akavuta, kidoa cha shaba kikang'oka na bodi ya simu ikafa.

Akapandisha joto. Sasa ikawa vurugu: mara ncha baridi kama kijiko cha jana, mara inaunguza bodi mpaka inanuka. Akabadilisha ncha. Akabadilisha mpini. Akabadilishana kisanduku na Mzee Peng wa meza ya pili, na hapo ndipo sote tulipochanganyikiwa, maana kisanduku kibovu kilipofika kwa Peng kikapona, na kizima kilipofika kwa Yuelan kikaugua.

Na Mzee Peng tunamjua. Bila pombe yake ya mtama asubuhi, hata kifungo cha shati hakimtii. Mtu huyo alilehemu tundu zima huku mkono unacheza, akamaliza akajipongeza mwenyewe. Kuang akajaribu, kikafanya kazi. Nikajaribu mimi, muuza vipuri, kikafanya kazi.

"Kinakuogopa, Dada Tan," Peng alisema. "Kiongeleshe kwanza."

Tulicheka. Bodi zikaendelea kufa, na kicheko kikaisha. Kuang alimwita pembeni, akamwambia kwa upole wote kwamba mwezi ukianza atahamia mbele, akae anafuta vioo na kubandika karatasi za kulinda skrini, apumzishe macho. Meza yake ya hadubini atapewa mwingine. Yuelan aliitikia kwa kichwa tu. Kazi ya vioo si aibu, lakini mpe fundi wa namna ile kitambaa mkononi uone kama utaweza kumtazama usoni.

Tangu hapo akaanza kusema mikono yake imekwisha. Alimwambia Kuang, akamwambia Peng, akaniambia mimi kila tulipokunywa maji ya moto. Siku moja nilimkuta msalani amenyoosha vidole mbele ya kioo, anavitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine. Niliumia. Nilimwambia kila mtu anazeeka, nikadhani nimemfariji.

Siku yake ya mwisho pale mezani alikuwa na bodi moja ya kumalizia. Kuang alivuta stuli akakaa ubavuni mwake, nadhani alimwonea huruma. Yeye Yuelan macho yalikuwa kwenye hadubini. Kuang, kwa kuwa hana hadubini ya kutazama, alikuwa anatazama kisanduku.

"Dada Tan," alisema polepole, "kaa hivyo hivyo. Usisogee kabisa."

Nikasogea mimi kuchungulia. Namba zilikuwa zinashuka. Mia tatu, mia mbili na hamsini, mia mbili, na mkono wa Yuelan uko pale pale juu ya bodi.

"Haya, inua kichwa."

Akainua. Mpini ukatikisika kidogo, na namba zikapanda mbio mpaka juu kabla hajageuka vizuri kuzitazama.

"Kimelala," Kuang alisema. "Ndani ya mpini kuna kitu kinachosikia mtikisiko. Mpini usipotikisika kinajua umewekwa chini, kinajipooza ili ncha isiungue."

"Lakini nimeushika."

"Umeushika, ila chenyewe hakijui. Kinadhani wewe ni kitako."

Mzee Peng alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe mimi nakibembeleza kutwa nzima!" Kuang naye akacheka, uso umemwiva, akabonyeza vitufe viwili akauzima ule usingizi. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Akasema habari ya vioo isahaulike, meza ni yake.

Yuelan hakucheka. Aliinama, akalehemu miguu iliyobaki yote bila ncha kunasa hata mara moja, akaipangusa, akaurudisha mpini kitakoni.

"Muda wote huu nilikuwa nawaambia mikono yangu imekwisha," alisema. "Mbona hakuna hata mmoja aliyebisha?"

Peng akarudi mezani kwake. Kuang akawa anakuna kitufe kwa ukucha. Mimi ndiye niliyemtazama kuliko wote, miaka yote ile, na mimi ndiye niliyemwambia kila mtu anazeeka.